Kidonge Nilichokiita Bawabu

Jumatano. Manyunyu yameanza tangu alfajiri na hayaoneshi dalili ya kukoma. Si mvua ya kumlaza mtu, ni ya kumchelewesha tu. Siku kama hii rangi haikauki, kwa hiyo sina kazi ya nje, na mtu asiye na kazi hukaa akaandika mambo ambayo siku ya jua angeyanyamazia.

Moyo umetulia leo. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika humu porojo za brashi na wateja wakorofi, na lile lililokuwa likinila sikuligusa hata kwa ncha ya kalamu.

Mkono wangu ulikuwa unatetemeka.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa maandishi hapa Malindi. Milango ya maduka, kuta za shule, na zaidi ya yote migongo ya tuktuk. Ukipitwa na tuktuk sokoni ukaona nyuma imeandikwa neno la kumchoma mtu, neno ni la mwenye tuktuk, lakini herufi huenda zikawa zangu. Siku hizi wapo wanaochapa kwa mashine, stika ikabandikwa kwa dakika tano. Stika zenyewe hubanduka kwa hewa ya chumvi, na wanaojua bado hunijia. Sipigi rula. Nasimama, nashusha pumzi, naishusha herufi moja kwa moja. Hilo ndilo jina langu mjini, na nakiri kwamba nilikuwa nalo kiburi.

Mambo yalianza na jicho. Kope ya juu, jicho la kulia, ikawa yacheza yenyewe. Kwetu kope ya juu ikicheza utaona mgeni, ya chini ikicheza utalia. Mama Saidi, mke wangu, alifurahi. "Yuaja mtu wa mbali huyo," akasema, akaongeza kibaba cha mchele chunguni. Kesho yake kope ikacheza tena, akaongeza tena. Mwezi mzima tulipika wali wa mgeni, na mgeni mwenyewe hakuja ila paka wa jirani. Nikala mimi mpaka shati likanibana. Hatukufikiri hata mara moja kwamba kope nayo ni nyama kama nyama nyingine, na huenda ina shida zake.

Kisha miguu ikaanza kukakamaa. Nikikaa barazani kwa muda, nikitaka kuinuka, nyama za nyuma ya mguu zajikunja kama kamba iliyoloa. Nikasema ni mshipa. Pwani hii maradhi yakikosa jina huitwa mshipa, na mtu akishasema mshipa haulizwi tena. Nikasugua mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, nikanukia kama pilau, mguu ukabaki pale pale. Vidole navyo vikawa vyafa ganzi, na midomo pembeni ikinichonyota.

Halafu ikawa zamu ya mkono.

Karisa ni dereva wa tuktuk, mtu wa Tezo, mcheshi, hana haraka na dunia. Aliniletea tuktuk yake niandike FITINA HAINA BREKI. Nilisimama nikashusha pumzi kama kawaida yangu. FITINA ikatoka salama. HAINA ikatoka nusu salama. Nilipofika BREKI, ile B ilishuka na mawimbi, R ikaifuata, na I ya mwisho ikasimama upande. Karisa aliitazama kwa muda mrefu huku akijikuna kidevu. "Fundi," akaniambia, "hii breki nayo imeshikwa na homa?" Nikacheka naye. Nikasema brashi imechakaa, nitamrudia. Alipoondoka niliingia ndani nikafunga mlango wa chumba cha rangi, nikaunyoosha mkono mbele yangu, nikautazama ukicheza bila ruhusa yangu.

Niseme sasa kwa nini niliogopa kiasi kile.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na umri kama wangu wa leo vidole vyake vilipoanza kutetemeka. Mwanzo alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, kisha kufunga vifungo, kisha kushika kijiko. Mwisho hata sauti ikatetemeka. Daktari wa wakati ule alituambia ugonjwa uko kwenye ubongo, waweza kupunguzwa lakini hauondoki. Mama na Mama Saidi walimlisha uji kwa zamu kwa miaka, na baba, aliyekuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa akimeza huku ametazama ukutani. Nilimpenda sana. Na nilipoona mkono wangu ukicheza, jambo la kwanza lililonijia halikuwa dua. Nilijiambia tu, basi, zamu yangu imefika.

Nikaficha.

Kumbe kuficha nako ni kazi ya kutwa. Barazani nilikaa na mkono chini ya paja. Msikitini nilikunja ngumi. Nyumbani nikijua Mama Saidi yuko jikoni, nafanya haraka yale yanayotaka mkono uliotulia. Shule moja ya Dabaso ilinitaka niandike ukuta mzima, herufi na picha za mikoko, kazi ya kumpa mtu jina. Nikawaambia nina safari. Sikuwa na safari yoyote. Nilikaa nyumbani siku zile zote nikipanga makopo ya rangi yaliyokwisha kupangwa.

Hatimaye ni miguu iliyonitoa. Siku moja ilinikaza njiani mtaa wa Barani, nikashika ukuta wa watu kama mlevi, na wanawake wawili wakavuka barabara kuniepuka. Nikasema imetosha. Lakini sikutaka hospitali ya mjini kwetu, maana Malindi ukikohoa mtaa wa Shela, Barani washakusomea dua. Nikamwambia Mama Saidi nakwenda Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, kuangalia ukuta wa kuandika, karibu na kwa mdogo wake. Nikashukia Kilifi, hospitali.

Daktari alikuwa binti wa bara, mdogo kwa mwanangu Saidi, mpole, anayeandika upesi. Akanikagua mikono, akanigonga magoti, akanigusa shavuni mbele ya sikio na uso wangu ukaruka upande mmoja. Akarudia kugusa, uso ukaruka tena. Kisha akauliza, "Mzee, kuna dawa unatumianga kila siku?"

"Hapana, daktari. Mimi na dawa hatujuani."

Nililisema kwa majivuno kabisa. Akaandika, akanitoa damu, akaniambia ningoje.

Mchana akaniita tena na uso mwingine. Akasema kwenye damu kuna madini yanaitwa magnesiamu, na yangu yameshuka sana, na kalsiamu imeyafuata huko chini. Akaanza kutafuta yalikopotelea. Nakunywa pombe? Nikasema naudhubillahi. Tumbo laendesha? Hapana. Kuna dawa ya presha, ya kukojosha maji? Hapana. Akarudia lile swali la dawa ya kila siku, nami nikarudia hapana, safari hii kwa ukali kidogo, maana kwetu kumshikilia mtu mzima na neno dawa ni kama kumwambia ana hirizi kiunoni.

Binti akaweka kalamu chini. Akafikiri. Akasema, "Haya, mzee. Wewe ukiamka asubuhi, kitu ya kwanza kuingia kwa mdomo ni nini?"

"Bawabu," nikasema.

"Nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kujisikia mjinga, polepole, kadiri nilivyoeleza. Miaka kumi na mmoja nyuma nilikuwa na kiungulia cha kuniamsha, na vidonda vya tumbo vilionekana. Nikapewa vidonge vya kupunguza asidi, vya wiki mbili. Vilinifaa ajabu. Vilipokwisha moto ukarudi, nikaenda duka la dawa nikanunua vingine, navyo vilipokwisha nikanunua tena. Asubuhi moja katika kutania nikamwambia Mama Saidi kwamba hiki si kidonge, ni bawabu, huketi mlangoni mwa tumbo akazuia asidi isipande. Jina likanata. Tangu hapo nyumbani kwetu huulizwi kama umemeza dawa, huulizwa kama bawabu ameingia. Akishaingia, nusu saa baadaye napata chai yangu, na mchana nakula pilipili na achari na ukwaju bila wasiwasi. Ramadhani alikula daku nami. Nilipobadilisha duka sikuwahi kuulizwa ni cha muda gani, na hata ningeulizwa ningesema cha siku zote, kama chumvi.

Kwa hiyo sikumdanganya yule binti. Ukishakipa kitu jina la mtu na kikakaa nyumbani miaka kumi na mmoja, hukihesabu tena katika dawa. Dawa ni ya mgonjwa, na mimi tumbo lilikuwa haliniumi.

Alicheka, mara akaacha kucheka. Alinieleza taratibu, bila kunifanya mtoto. Vidonge vile ni vizuri na vimewasaidia wengi, lakini kwa baadhi ya watu wanaovitumia miaka mingi, matumbo hushindwa kuichukua magnesiamu iliyomo katika chakula. Inapungua kidogo kidogo, mtu hajui. Ikishuka sana, nyama na mishipa ya fahamu hukosa utulivu. Kope hucheza, miguu hukakamaa, mikono hutetemeka, hata moyo waweza kurukaruka. Nikawaza, mimi nilimweka bawabu azuie wezi, kumbe amekuwa akiwarudisha na wageni. Akasema hanipi ruhusa ya kwenda nyumbani siku ile mpaka moyo upimwe na nitiwe maji yenye magnesiamu kwenye mshipa.

Nilimuuliza kuhusu baba. Nilimwambia yote, mpaka uji.

Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema, "Siwezi kukuahidi, mzee. Turudishe hii kwanza, tuone kama mkono itatulia. Isipotulia, tutaangalia hiyo ingine." Nikamshukuru kwa ukweli wake, ingawa nilitamani angenidanganya kidogo.

Maji yale yakiingia mwilini, joto hupanda toka mkononi hadi kifuani, na uso hupata moto kama umeinamia chungu. Nilimpigia simu Mama Saidi nikamwambia nimelazwa, si kitu, nimeishiwa na madini. Madini! Nilijisikia kama mgodi uliofungwa. Asubuhi alifika na mdogo wake, na chupa ya chai na mkate wa mofa umefungwa kwenye kitambaa. Akautazama mkono wenye sindano. Habari za ukuta wa Mnarani hakuziuliza. Nilipomsimulia kisa cha bawabu na yule daktari alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Kwamba nauogopa ugonjwa wa baba sikumwambia. Niliona si haki kumpa hofu ambayo huenda ingekuwa bure.

Nikarudi nyumbani na vidonge vya magnesiamu, ambavyo vilinikimbiza msalani siku mbili za kwanza, na dawa nyingine ya kiungulia ya aina tofauti, ya kutumia nikizidiwa tu. Bawabu akaachishwa kazi. Hakuondoka kwa amani. Wiki ile ya kwanza kifua kiliwaka kuliko miaka yote iliyopita, na daktari alikuwa ameshanionya kwamba asidi iliyozuiwa muda mrefu hurudi kwa hasira kabla haijatulia. Nikaacha pilipili. Nikaacha achari. Niliangalia bakuli la ukwaju likipita mbele yangu kwenda kwa wengine, nikasoma istighfari.

Lakini kiungulia kilikuwa kelele tu. Nilichokuwa nikikitazama ni mkono. Nyuma ya nyumba nina ubao wa plaiwudi, na kila asubuhi baada ya sala nilichora mstari mmoja kwa brashi nyembamba, toka kushoto hadi kulia, bila kuegemea. Mstari wa siku ya kwanza ungedhani mende ameanguka kwenye rangi akaenda zake. Wa pili vile vile. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi, au mimi niliuona hivyo. Siku ile niliketi juu ya kopo la rangi nikalia. Sikulia kwa ajili ya kazi. Nilimlilia baba, nikajililia mimi, nikawaza nani atakayenilisha na nitatazama ukuta gani.

Kisha, sijui niseme lini hasa. Siku ya sita mstari ulikuwa na vilima viwili tu. Siku ya nane nilisahau kuchora, nikakumbuka adhuhuri, na nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimeuwaza mkono wangu hata kidogo. Nikaenda ubaoni mbio. Mstari ulinyooka.

Siku ya kumi na mbili nikampigia Karisa. Alikuja na tuktuk yake ikiwa bado ina homa mgongoni. Niliifuta BREKI kwa kitambaa na petroli, nikaingoja ikauke, nikasimama. Sikushusha pumzi mara moja, nilishusha mara tatu. Nilipomaliza, Karisa alirudi nyuma hatua mbili akaitazama, akaenda mbele akaigusa pembeni. "Sasa hizi zashika, fundi," akasema. Akaondoka akipiga honi, na mimi nikabaki nimesimama njiani na brashi kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Jana nilirudi Kilifi. Damu imepimwa, magnesiamu imerudi mahali pake, na kalsiamu nayo. Binti aliniambia ninyooshe mikono yote miwili, akaweka karatasi juu ya kila mmoja. Tulizitazama sote wawili. Karatasi zilikaa. Akasema nirudi baada ya mwezi, maana wengine hushuka tena, na kwamba kwa leo haoni alama ya ule ugonjwa mwingine. Kwa leo. Nimelichukua hivyo hivyo, mtu wa makamo hapewi zaidi ya leo.

Mtu asiache dawa yake kwa kusoma haya, nami nisilaumiwe. Wapo wanaovihitaji vidonge hivyo na daktari wao anajua kwa nini. Ninachosema ni kwamba ukiulizwa unatumia nini, taja kila kitu, hata kile ulichokibatiza jina la utani.

Sasa niandike la leo, ambalo ndilo lililonikalisha hapa.

Asubuhi hii Mama Saidi ameniletea chai ya maziwa. Kikombe kimejaa pomoni, chai imefika ukingoni kabisa, imezuiwa na utando tu. Amekiweka mbele yangu na hakuondoka. Alisimama pale na kitambaa cha kufutia mezani, amekikunja mkononi.

Nikamwambia, mbona leo umenijazia hivi, wataka niungue?

"Nyanyua, Baba Saidi."

Nikanyanyua. Nikakipeleka mdomoni, nikanywa funda, nikakirudisha kisahanini. Hakikumwagika hata tone. Nikainua macho nikamwona amefumba yake, na midomo yake inakwenda. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Tangu Shaaban nakutilia nusu," akasema. "Nusu tu. Usije ukamwaga, ukajiona."

Akageuka akaenda jikoni.

Yeye ndiye aliyemlisha baba. Aliijua ile ishara kabla yangu mimi, akaibeba peke yake miezi yote hii, akicheka na mimi, akipika wali wa mgeni, akiniacha nimdanganye ukuta wa Mnarani. Nami nilidhani ninamkinga. Namsikia sasa akiosha vyombo ambavyo nadhani ameshaviosha. Nikimaliza kuandika nitamwendea, na nitamwambia kwamba niliogopa sana, kwa neno hilo hilo, bila mzaha wowote.

Ila najiuliza, mimi niliyejigamba mjini kwamba naiona herufi iliyopinda kwa unywele mmoja, niliketi mezani kwangu kila asubuhi tangu Shaaban, na kikombe cha nusu sikukiona?